Sambuca ya Civitavecchia: Itie Maji Baridi, Usiiwashe Moto

Karibuni tena, watazamaji wangu. Chupa iliyo mbele yangu leo ni ya sambuca, kileo cha Kiitaliano chenye harufu ya anisi, na hii niliyoinunua ni Molinari Extra, inayotoka Civitavecchia, mji wa bandari ulio kaskazini-magharibi mwa Roma. Ndugu zangu msiotumia vileo mnaweza kunisubiri hadi kipindi kijacho nitakapozungumzia kahawa, ingawa hata leo kahawa haitakosekana mezani.

Mji huo na kinywaji hiki ni kama chanda na pete. Luigi Manzi alianza kuuza sambuca yake hapo mwaka 1851, na Angelo Molinari akaja na ya kwake mwaka 1945. Kuhusu asili ya jina, mabishano hayajaisha. Wapo wanaolihusisha na mti ambao Waitaliano huuita sambuco, lakini ukiifungua chupa usitarajie kunusa maua ya mti huo.

Harufu inayotangulia, na ninaisikia sasa hivi hata kabla sijamimina, ni ile anayoijua kila aliyewahi kusimama kwenye duka la viungo Mombasa au Unguja akachota shamari kiganjani. Sababu ni kwamba anisi, shamari na lile tunda kavu lenye umbo la nyota vyote vina mafuta yenye kemikali moja, yaani anetholi, nayo ndiyo inayobeba harufu hii na sehemu ya utamu wake.

Nimesema sehemu, kwa sababu utamu uliobaki ni sukari, tena si kidogo. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka sambuca iwe na sukari isiyopungua gramu 350 kwa lita na nguvu ya pombe isiyopungua asilimia 38. Kwa hiyo chupa ya mililita 700 ina gramu 245 au zaidi, karibu robo kilo nzima. Tazameni ninavyoinamisha bilauri: kinywaji kinashuka taratibu na kuacha michirizi kwenye kioo, mithili ya asali iliyozimuliwa. Ouzo ya Wagiriki, ambayo nayo ni ya anisi, hairuhusiwi kuzidi gramu 50 za sukari kwa lita, na ndiyo maana Mgiriki huinywa huku akila samaki na vitafunio, ilhali Mwitaliano huiweka sambuca yake hadi sahani zimeondolewa na kahawa imekwisha kunywewa. Kinywaji cha wakati huo wana jina lake, ammazzacaffè, maana yake kiua kahawa.

Sasa nionje bila kuongeza chochote. Inaingia laini na nzito, anisi inajaa mdomo mzima, kisha joto la pombe linapanda kooni na utamu unabaki kwenye meno. Hukumu yangu ni kwamba ikinywewa hivi, katika joto la kawaida la chumba, ni nzuri kwa funda mbili. Ya tatu inakinaisha.

Dawa yake ni maji. Nimemimina mililita 40, na sasa naongeza maji baridi sana kwa kijiko cha chai. Sogezeni macho. Kijiko cha kwanza kinaacha nyuzi nyeupe zinazopotea ninapokoroga, lakini nikiendelea kuongeza, ukungu unatanda na hatimaye bilauri nzima inakuwa nyeupe kama tui jepesi. Haijaharibika. Anetholi huyeyuka katika pombe lakini haikubaliani na maji, kwa hiyo pombe inapozimuliwa mafuta hayo hujitenga kuwa matone madogo mno yanayotawanya mwanga. Onjeni tofauti: sukari imerudi nyuma, harufu imefunguka, na sasa nahisi ubaridi wa mitishamba ambao mwanzoni ulikuwa umefunikwa. Kwangu mimi hapa ndipo chupa hii inapostahili bei yake, na ukitia vipande vitatu vya barafu badala ya maji utafika pale pale, ila kwa kusubiri kidogo.

Njia inayojulikana zaidi ni con la mosca, yaani pamoja na inzi, na inzi wenyewe ni hizi punje 3 za kahawa iliyokaangwa zinazoelea juu, ambazo husemwa kuwa ni afya, furaha na mafanikio. Wengi huziacha zikae kama pambo, nami naona wanajinyima, maana ukiitafuna moja katikati ya funda mbili, uchungu wake unakata sukari vizuri sana.

Kuhusu kuiwasha moto, msimamo wangu ni mkali kuliko kinywaji chenyewe. Katika baa moja ambayo sitaitaja niliwahi kuletewa bilauri ndogo inayowaka, nikapuliza moto ukazimika, nikanywa kwa haraka ya kijana, na ukingo wa kioo ukanibabua mdomo wa chini. Kwa siku nne sikuweza kunywa hata chai. Moto huo unaunguza pombe, unapasha kioo, na hauongezi ladha yoyote ambayo ningeweza kuitetea mbele yenu.

Ukiwa na aiskrimu ya vanila, mwagia kijiko kimoja na unyunyize unga wa kahawa. Hiyo haihitaji maelezo. Mkiihifadhi, futeni shingo ya chupa kabla ya kufunga, maana sukari ikikauka, kizibo cha sambuca yoyote hunata.

Nimeibakiza mwisho njia ninayoitumia nyumbani. Watu wa Veneto, kaskazini mwa Italia, wana desturi ya kusuuza kikombe cha kahawa kwa grappa, kileo kikali cha makapi ya zabibu, nami nimeiiga kwa sambuca. Espresso yangu imekwisha, kikombe bado kina joto, na pale chini kuna masalia ya kahawa na chembe za sukari. Natia kiasi hiki, si zaidi ya kijiko kikubwa, nazungusha hadi irambe kuta zote na kupata rangi ya hudhurungi, kisha nainywa mara moja kabla kikombe hakijapoa.