Gimbali ya mihimili mitatu kwa kurekodi dansi ya skrini

Kwa anayetunga dansi kwa ajili ya kamera na si ya jukwaa, gimbali, yaani kishikio chenye mota kinachotuliza kamera, inastahili sifa zake: mpiga picha anaingia katikati ya dansi na kuzunguka na mchezaji bila kutandika reli za kamera. Mota zake tatu hurekebisha kuinama, kulala upande na kugeuka. Hazigusi mtikisiko wa juu na chini unaoletwa na nyayo zako, na huo ndio unaoharibu picha nyingi, hasa kwa lenzi ndefu, yaani ya kuvuta mbali. Kunja magoti, tanguliza kisigino, na utumie lenzi ya milimita 24 hadi 35.

Sawazisha kamera kabla ya kuwasha, lenzi ikiwa imeshafungwa. Uzito ukilalia mbele, mota hutetemeka, hupata joto na betri huisha upesi.

Udhaifu mkubwa uko kwenye hali ya kufuata, ambapo kamera hugeuka ikifuata mkono wako. Ukiipunguza kasi, mchezaji anayegeuka ghafla hutoka nje ya fremu. Ukiiongeza, kila mshtuko wa mkono unaonekana. Kwenye mizunguko, funga mwelekeo kabisa na umwache mchezaji aingie na kutoka. Inapendeza mno!

Ukitaka mwendo wa taratibu, yaani picha (fremu) 50 kwa sekunde zionyeshwe kwa 25, piga muziki kwa kasi maradufu wakati wa kurekodi, la sivyo hatua hazitaangukia kwenye mdundo.