Uzoefu wangu: Handaki la Uxbridge, na tai wa Northolt

Safari hii ilianza kwa sababu ya mama. Mama ni mzaliwa wa Tengeru, na utotoni mwao, wakitumwa kuni, walikuwa wanapita kando ya makaburi ya Wapolandi, wale wakimbizi walioletwa upande wa Arusha kuanzia 1942. Kwa hiyo maisha yake yote Mpolandi kwake ni mtu aliyelala. Alipokuja London kunitembelea nikamwambia, "Mama, twende nikakuonyeshe Wapolandi waliokuwa wanaruka."

Tukaenda Battle of Britain Bunker, handaki la jeshi la anga la wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, huko Uxbridge, magharibi mwa jiji. Treni inafika (Metropolitan na Piccadilly zote zinaishia Uxbridge), kisha mnatembea kidogo. Tiketi nilikata mtandaoni mapema, nanyi fanyeni hivyo, maana handakini mnashuka kwa kundi na mwongozaji. Jengo la maonyesho la juu, lililofunguliwa 2018, unazunguka kwa muda wako.

Kushuka ni vidato 76. Mama aliviangalia, akayaangalia magoti yake, akasema, "Nenda baba, utanihadithia." Akabaki juu na chai.

Chini huko, kama mita 18 ardhini, ndimo ulimoongozwa ulinzi wa anga la London na kusini-mashariki mwa Uingereza mwaka 1940. Meza kubwa ya ramani iko katikati. Wasichana wa jeshi la anga walisimama kuizunguka wakisukuma vibao vya kuonyesha ndege kwa fimbo ndefu. Saa ya ukutani imegawanywa kwa rangi tatu, nyekundu, njano na bluu, kila rangi dakika tano, na mishale ya mezani ina rangi hizo hizo. Ukitupa jicho tu unajua habari uliyonayo ni mpya au imeshachacha. Hakuna kompyuta humo, ni simu, fimbo na macho. Nilisimama kwenye ile saa kuliko mahali pengine popote, mpaka mwongozaji akaniita.

Mkabala na meza kuna ubao wa taa, kila kikosi na safu yake: kiko tayari, kimeruka, kimekutana na adui. Tarehe 15 Septemba 1940 waziri mkuu Churchill alikaa humo akitazama taa zinavyowaka, akamuuliza kamanda Keith Park akiba iko wapi. Akajibiwa hakuna. Mimi kwenye ubao nilikwenda moja kwa moja kwenye Northolt, nikaitafuta namba 303.

Kikosi cha 303 kilikuwa cha Wapolandi, kikirusha ndege za kivita za Hurricane kutoka uwanja wa Northolt, kilomita chache tu kutoka hapo. Watu wengi wakikihadithia wanasema wale jamaa walikuwa na hasira, nchi yao imechukuliwa, basi wakapigana kama simba. Mimi habari ya hasira hainitoshi. Hawa walikuwa mafundi. Wengi walikuwa na miaka ya kuruka, wamepigana kwao Septemba 1939, wakakimbilia Ufaransa, wakapigana tena, ndipo wakafika Uingereza. Na walipofika wakawekwa chini kwanza, bila kuruhusiwa kuingia vitani. Wakubwa walitilia shaka lugha yao na moyo wao wa kupigana.

Kweli mambo ya kujifunza yalikuwepo. Walizoea kilomita na mita, sasa ni maili na futi. Ndege yao ya kwao, P.11, ilikuwa na magurudumu yasiyokunjwa, lakini ya Hurricane yanakunjwa, kwa hiyo rubani mzima, mzoefu, ilibidi akumbuke kuyashusha kabla ya kutua. Kizuri zaidi, waliendeshwa uwanjani kwenye baiskeli za magurudumu matatu zilizofungwa redio na dira, wajifunze kufuata maelekezo kwa Kiingereza. Hebu mfikirie mtu aliyekwishapigana vita mbili, anakanyaga pedali kwenye nyasi huku anaambiwa geuka kulia.

Tarehe 30 Agosti, wakiwa bado kwenye mazoezi, Ludwik Paszkiewicz akaona Wajerumani. Akamwita kiongozi wao Mwingereza, Ronald Kellett, kwa redio. Hakujibiwa. Akajitoa kundini akaenda akaangusha ndege moja. Alirudi akakaripiwa na kupongezwa kwa pamoja, na kesho yake kikosi kizima kikaruhusiwa kuingia vitani. Ndani ya siku 42 kiliandikiwa ndege 126 za adui. Watafiti wa baadaye wameipunguza hesabu hiyo, kama walivyoipunguza ya karibu kila kikosi, lakini 303 kimebaki miongoni mwa vikosi bora vya vita ile. Paszkiewicz mwenyewe hakufika mwisho. Aliuawa tarehe 27 Septemba.

Nilipopanda nikiwa nahema, nikamhadithia mama yote. Swali lake likawa moja: "Vita vilipoisha walirudi kwao?" Wengi hawakurudi, mama. Uingereza ilishaitambua serikali mpya ya kikomunisti ya Warsaw, na gwaride la ushindi la London, Juni 1946, lilipita bila jeshi la Polandi. Marubani wachache walioalikwa walikataa kwenda bila wenzao. Mama akasema, "Kumbe ni wale wale."

Baada ya hapo tukachukua teksi hadi mnara wa kumbukumbu wa Wapolandi, kando ya barabara ya A40, pembeni ya uwanja wa Northolt. Uwanja bado ni wa jeshi, msitegemee kuingia. Dereva alilijua jina vizuri kwa ajili ya foleni za njiapanda inayoitwa kwa jina hilo, ila kwamba kuna mnara wenyewe hakujua, akatushusha upande usio wetu. Mnara ulizinduliwa Novemba 1948. Ni nguzo ya jiwe, juu yake tai wa shaba aliyetandaza mbawa, na majina ya waliokufa yamechongwa hapo. Kelele za magari ni nyingi, lazima mpaze sauti. Hakuna kiingilio.

Handaki nalipa nyota tano, kwa ile saa peke yake. Kwa mnara sijui nyota zinahesabiwaje. Ukiwa na mzee, mwache juu kwenye maonyesho, hatachoka wala hatakosa cha kutazama. Wewe vaa viatu vya chini.

Mama pale mnarani alisoma majina kimya kimya, midomo ikicheza. Kisha akainama, akang'oa nyasi moja iliyochomoza ukingoni mwa jiwe, akaitia mfukoni mwa koti, tukaanza kutafuta mahali pa kuvukia barabara.