Kadi za mkono kuwa vijitabu vya A6: uzoefu wangu na karatasi ya magugu maji, Kisumu

Karatasi ya magugu maji inayotengenezwa na mafundi wa hapa Kisumu inafaa sana kwa jalada la kijitabu kinachotokana na kadi ya salamu, mradi mgongo uvikwe kitambaa na pambo la kadi liwe bapa. Kwa kurasa za ndani sikushauri uitumie. Nimeitumia pamoja na stepla ya mkono mrefu na huduma za duka moja la uchapishaji katikati ya mji. Vitu hivi vitatu nakadiria kila kimoja peke yake, kwa sababu ubora wao haulingani.

Kadi nyingi za salamu zinazotengenezwa kwa mkono hukatwa kwa kipimo cha A5, zikikunjwa zinakuwa A6, yaani milimita 105 kwa 148. Kwa hiyo kadi yenyewe tayari ni jalada, inasubiri kurasa tu. Chukua karatasi sita za A4 za gramu 80, zikate katikati, upate vipande 12 vya A5. Vikunje vyote pamoja na una kurasa 48. Rimu moja ya karatasi 500 inatoa vijitabu 83, na mbili zinabaki za kufanyia majaribio.

Kuna sababu nyingine ya kupenda A6, na wengi hawaijui. Kwa kawaida nyuzi za karatasi ya A4 ya fotokopi hulala kwa urefu wa karatasi. Ukiikata katikati kisha ukaikunja, nyuzi zinakwenda sambamba na mgongo, hivyo kijitabu kinafunguka kwa ulaini na kufungwa bila kubisha. Ukikunja A4 nzima ili upate kijitabu cha A5, nyuzi zinaukatiza mkunjo, mgongo unavimba, na kikiwekwa mezani kinajifunua chenyewe. Anayeanza aanze na A6.

Sasa karatasi ya magugu maji. Mafundi hukata mizizi kwa sababu ina matope, mashina wakayakatakata, wakayachemsha na soda kali, wakayatwanga, kisha wakachanganya rojo na karatasi kuukuu. Rojo hilo huinuliwa kwa fremu yenye wavu, likakamuliwa na kuanikwa. Nyuzi za gugu ni fupi, kwa hiyo karatasi ya gugu tupu hupasuka kwenye mkunjo, na kadiri karatasi kuukuu inavyozidi kwenye mchanganyiko ndivyo inavyokunjika vizuri. Usinunue kwa rangi peke yake. Kunja pembe moja, ifungue, ikunje tena upande wa pili, kisha iinue juani. Ukiona msitari wa mwanga unapenya, au vipande vya kahawia vinadondoka, hiyo iache ikawe kadi ya ukutani. Itazame pia yote nzima kwenye mwanga, maana unene haulingani: kingo huwa nyembamba kuliko katikati, na mkunjo ukiangukia sehemu nyembamba jalada halidumu.

Kurasa za ndani ziwe za kawaida. Kwenye karatasi ya mkono ncha ya kalamu hunasa kwenye nyuzi, na karatasi isiyopakwa wanga hufyonza wino hadi herufi zikatanuka. Wala usiipitishe kwenye printa. Nyuzi hubaki kwenye roli, na mwenye duka akikataa kuipokea ana haki.

Mkunjo ndio unaoamua kama kazi itadumu. Weka jalada juu ya kipande cha katoni, rula katikati, upande wa pambo ukikutazama, kisha pitisha mgongo wa kisu mara mbili bila kukata. Mfereji huo ubaki nje, na tuta linalojitokeza upande wa pili liingie ndani ya mkunjo. Ukikunja kinyume, nyuzi za nje zinavutwa na kukatika. Halafu kata utepe wa kitenge wa sentimita 4, mrefu kidogo kuliko mgongo. Mabaki ya namna hiyo mafundi cherehani wa soko la Kibuye wanayo tele. Paka gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji kidogo, nyembamba kabisa, ubandike sentimita 2 kila upande. Lifunike jalada kwa nailoni, liwekee vitabu vizito juu hadi kesho yake. Gundi ikiwa nyingi jalada linapinda, na likishapinda halinyooki tena. Kitambaa kibandikwe kabla ya kushona, ili uzi ukipite kitambaa pia. Hapo ndipo nguvu ilipo.

Kuhusu mapambo, kadi hukaa mezani wiki moja, kijitabu huingia na kutoka kwenye mkoba kila siku. Shanga, vifungo na maua makavu hung'oka yote, si kwa ubovu wa gundi bali kwa sababu kila kilichoinuka husuguliwa kwanza. Picha za majani makavu ya mgomba hudumu kama vipande vyote vimelala na kingo zimepakwa gundi hadi mwisho. Maneno ya kadi nayo yaangaliwe. "Heri ya Krismasi" kwenye jalada inakifanya kijitabu kiwe cha Desemba tu, ilhali nafasi ileile ingebeba jina la mwenyewe na namba ya simu.

Kama mchoro una vitu vilivyoinuka na hutaki kuupoteza, upige picha au uuskani, uchapishe nakala kwenye karatasi nene ya gramu 250 au 300. Kwa kazi bapa skana ya dpi 300 (nukta 300 kwa inchi) inatosha. Kwa shanga skana haifai, kifuniko hakilali na picha inatoka na ukungu. Piga kwa simu ukiwa barazani, kivulini, mchana. Kumbuka kwamba jalada likitandazwa, uso wa mbele uko kulia. Acha ziada ya milimita 3 kila upande, na maandishi yakae angalau milimita 8 kutoka ukingoni. Karatasi ya SRA3, kubwa kidogo kuliko A3, inabeba majalada manne ya A5 pamoja na ziada hiyo, kwa hiyo uliza bei ya SRA3 nzima, si ya jalada moja moja.

Rangi za duka nililotumia zilitoka safi. Palipoharibika ni kwenye kulamineti na kukata. Utando wa plastiki uliwekwa upande mmoja tu, na hewa ya huku ziwani, hasa mvua za Machi hadi Mei, ina unyevu mwingi. Upande usio na plastiki hunywa unyevu na kutanuka, ule wenye plastiki haubadiliki, basi majalada yakajikunja kuelekea nje. Dawa ni kulamineti pande zote mbili, au kuacha kabisa na kupaka vanishi ya maji nyembamba. Mimi naona vanishi inatosha kwa kijitabu cha kurasa 48.

Kwenye kukata, blade ilikuwa butu. Karatasi ya fotokopi ilistahimili, lakini jalada la magugu lilichanika kingo na kutoa manyoya. Omba wakukatie kimoja kwanza ukione. Kukata hakukwepeki: vipande 12 vikikunjwa kimoja ndani ya kingine, vya katikati husukumwa nje milimita moja hadi mbili, na ukingo unakuwa kama mteremko. Kata upande wa mbele baada ya kufunga, si kabla. Isipokuwa ukitaka kingo za jalada zibaki na ule uzuri wake wa mkono, hapo kata kurasa peke yake kwanza, zikiwa zimekunjwa pamoja, ziwe ndogo kwa milimita 3 kuliko jalada, ndipo uzishone.

Stepla ya mkono mrefu yenye pini za 26/6 hupenya vipande 12 na jalada la kuchapishwa bila shida, pini mbili tu. Kwenye karatasi ya magugu yenye kitenge hupinda mguu mmoja mara kwa mara, na pini ikilowa inaacha kutu. Hapo nashona. Toboa matundu matatu kwa msharasi (chuma chenye ncha cha kutobolea): moja katikati, mawili sentimita 2 na nusu kutoka kila mwisho. Uzi wa sentimita 45 uliopitishwa kwenye nta unatosha. Anzia ndani tundu la katikati, toka nje, ingia tundu la juu, ruka katikati ukiwa ndani, toka tundu la chini, rudi ndani kupitia katikati. Ncha mbili ziwe pande mbili za uzi mrefu wa ndani, ndipo ufunge fundo. Vuta sambamba na mgongo. Ukivuta kwa kuinua utachana matundu.

Kwa wanaouza vijitabu, chapisha mistari ya milimita 8 kwenye A4 kabla ya kukata, bila namba za kurasa, maana namba zinalazimu upange kurasa upya. Waweka hazina wa vyama wanapenda safu tatu: tarehe, jina, kiasi. A6 inatosha mkoba wa mama mboga na droo ya duka, lakini kwenye mfuko wa shati inachungulia nje. Anayetaka ya mfukoni mtengenezee A7, milimita 74 kwa 105, kwa vipande 8 vya A6 badala ya 12 vya A5, na tundu za pembeni zisogee hadi sentimita moja na nusu kutoka mwisho.