Omron M3: mashine ya presha kwa mume na mke

Mume akiambiwa ana presha, mke naye apimwe wiki hiyo hiyo. Utafiti uliochapishwa 2023 juu ya wanandoa wa makamo na wazee ulikuta wote wawili wana presha katika takriban ndoa 47 kwa kila 100 Uingereza, 38 Marekani, 21 China na 20 India. Si lazima iwe undugu wa damu, ingawa kwetu binamu kuoana si jambo geni. Watu huwachagua wanaofanana nao, kisha hula chungu kimoja: ng'onda ile ile, achari ile ile, saa ile ile ya kulala.

Ndiyo maana M3 inafaa kuliko mashine za bei ya chini zenye kumbukumbu ya mtu mmoja. Ina sehemu mbili, kila moja vipimo 60, na unachagua 1 au 2 kabla ya kubonyeza. Hapo ndipo watu wanapokosea: mke anapima mume hajarudisha swichi, namba zinachanganyika, na huwezi kufuta kipimo kimoja, ukifuta, unafuta vyote vya mtumiaji huyo. Andikeni jina la kila mmoja kwenye kipande cha plasta, mkibandike pembeni ya swichi. Nyumba ya wake wawili, mtu wa tatu atatumia daftari.

Sifa yake kubwa ni mkanda wa kufunga mkononi, wa sentimita 22 hadi 42. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzingo wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Mkono wa sentimita 36 ukibanwa na mkanda wa 22 hadi 32, presha husomeka juu kuliko ilivyo, na mtu huanzishiwa dawa isiyo yake. Zile za kufunga kwenye kifundo cha mkono ziacheni dukani. Mkono ukishuka kidogo chini ya moyo, namba hupanda.

Vueni mkono wa kanzu au baibui kabisa. Kuukunja juu hakufai, kwa sababu nguo iliyokunjwa hubana mkono. Ukingo wa mkanda ukae sentimita 1 hadi 2 juu ya kiwiko, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mgongo umeegemea kiti, miguu chini bila kupishana. Kaa kimya dakika 5. Kahawa ya barazani au sigara, subiri nusu saa. Baada ya sala ya alfajiri ni wakati mzuri: umeshakwenda choo, hujanywa chai wala dawa. Pima mara mbili, dakika 1 kati yake, na jioni vivyo hivyo, siku 7. Siku ya kwanza itupeni, mtafute wastani wa zilizobaki. Nyumbani, 135 kwa 85 au zaidi ni presha ya kupelekwa kwa daktari, iwe hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au ya Abdalla Mzee kule Mkoani, Pemba. Ikifika 180 kwa 120 na kifua kinauma, ulimi mzito au macho yanafifia, nendeni hospitali saa hiyo hiyo.

Namba za wote wawili zikipanda pamoja, anzeni jikoni. Chumvi isizidi gramu 5 kwa mtu kwa siku, kama kijiko cha chai kimoja sawasawa, kwa hiyo watu wawili ni gramu 70 kwa wiki. Pimeni chini ya hapo mkaweke kwenye chupa, maana mkate, papa mkavu na achari navyo vina chumvi yake. Ng'onda irowekwe, maji yamwagwe.

Inatumia betri 4 za AA. Adapta mara nyingi hununuliwa peke yake. Mpira wa hewa usiuzungushe kwa kubana, hupasuka kwenye kiungo, na mkanda ukivuja mashine huanza kujaza upya mara kwa mara. Kwa hewa yetu ya chumvi, ukisafiri toa betri, la sivyo vyuma vyake hushika kutu.