Kipimo cha Sarafu Kimenichosha: Leo Tunapima Plagi kwa Waya

Haya jamani, karibuni tena. Leo nina hasira kidogo, nawaambia mapema. Mwenye makosa ni huyu hapa: kipimo cha mwanya wa plagi, kimviringo kama sarafu, cha kuning'iniza kwenye funguo. Bei yake ni ya kutupa, na najua wengi mnacho. Kimenivunjia plagi mpya kabisa.

Kazi ya plagi sielezi sana, mnaijua: inarusha cheche ya kuwasha mafuta ndani ya injini, na mwanya ni ile nafasi cheche inapoiruka, kati ya nguzo ya katikati na mkono wa pembeni. Gari ni lile lile letu la zamani, la kabureta, bado lina platini kwenye distributa, vile vidude vinavyokata na kuunga umeme wa cheche. Kitabu chake kinataka mwanya wa milimita 0.8. Msinakili namba yangu! Magari mengi ya platini huangukia 0.6 hadi 0.8, yaliyokuja baadaye na elektroniki badala ya platini hufika 1.0 au 1.1. Angalia kitabu chako.

Sasa sogeeni. Hii plagi imetoka silinda ya kwanza sasa hivi, injini ikiwa imepoa. Nachomeka ukingo wa sarafu, nauzungusha taratibu mpaka ugome. Inasoma 0.8. Safi, si ndiyo? Nachukua kipimo cha pili, hiki chenye vijiwaya vya duara. Waya wa 0.8, unapita kama hakuna kitu. Wa 0.9, unapita. Wa 1.0... huo, umekwaruza. Mmeona? Ngoja nirudie, maana kuna mtu hapo haamini. Sarafu, 0.8. Waya, 1.0. Plagi ni hiyo hiyo, sijaigusa.

Tazameni ule mkono wa pembeni uliojikunja juu. Umeliwa katikati, umekuwa kama kijiko. Kitu bapa kinakaa kwenye kingo za kijiko, wala hakijui kwamba chini kuna shimo. Waya unazama humo humo. Ndiyo maana mlimani gari lilikuwa linamisi, yaani linakatakata, nikilaumu mafuta. Ukikanyaga, mgandamizo kwenye silinda unapanda, cheche inahitaji umeme mkali zaidi ili iruke, na mwanya nao umeshapanuka. Koili yangu ya kizee, inayotoa umeme huo, haina ubavu huo.

Kupunguza ni rahisi: gonga mkono wa pembeni kwenye chuma, tk, pima, tk, pima. Kupanua ndiko kunakoleta msiba. Kwenye sarafu watu wanabinya kama wanafungua chupa, wakiegemea nguzo ya katikati. Mimi pia nilifanya hivyo wiki iliyopita, nikasikia "tik". Kauri ya ndani ikapata ufa. Hiki cha waya kina kindoano ubavuni, kinashika mkono wa pembeni peke yake, unauinua kidogo tu. Nguzo haiguswi. Hapa ndipo nimekipenda, sina maneno mengine. Na wenye plagi za iridiamu, ile ncha yenu nyembamba kama sindano, msiisogelee na sarafu.

Kabla sijasahau: video ya kabureta inakuja, maikrofoni iliniangukia kwenye beseni la petroli, msiniulize zaidi. Subskraibu hapo chini uione ikitoka.

Najua mtasema tumia fila, zile bamba nyembamba za chuma za kupimia tapeti za vali. Kwa plagi mpya, sawa, uso wa mkono wake bado ni bapa, haujaliwa. Ikishaliwa, fila nayo ni bapa, itadanganya kama sarafu. Na nikiwa mkweli, kwa plagi mpya hata sarafu inatosha kwa kuchungulia haraka, ila usibinye nayo. Basi siitupi. Inabaki kwenye funguo.

Cha waya nacho kina kasoro. Namba zimechongwa ndogo mno, na upande mmoja umeandikwa 35 bila maelezo. Hiyo ni sehemu elfu za inchi, karibu milimita 0.9. Bei yake imezidi ya sarafu, lakini haifiki ya plagi nne nilizokuwa nakaribia kuzinunua bila sababu.

Haya, plagi zinarudi. Zungusha kwa vidole kwanza mpaka zikae, spana baadaye, hasa kama kichwa cha injini ni cha alumini. Ukiharibu uzi wa tundu la plagi utalia. Nawasha... sikilizeni. Limetulia, si ndiyo? Ila ngoja, ile ya silinda ya tatu ilitoka nyeusi, imelowa oili. Hiyo hakuna waya utakaoiponya. Wiki ijayo tunapima kompresheni, yaani ule mgandamizo wa silinda.