TAHADHARI: Muuza "majoka ya NFT" anazunguka Kusini, usimtumie hata mia

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, naandika haya kwa aibu, maana watu watatu kati ya waliopigwa waliingia kupitia mimi.

Nina kibanda cha gemu za PS hapa Chikongola, Mtwara. Malipo ya mnada wa kwanza wa korosho yalipoanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, alitokea kijana mmoja nadhifu, laptopu begani, maneno matamu. Alicheza mechi mbili, akafungwa zote, akalipa bila kununa na kuwanunulia vijana soda. Siku ya tatu ndipo akaleta habari ya gemu "inayolipa". Unanunua joka kwa 120,000, unalipiganisha kwenye simu, linataga sarafu za kama 6,000 kwa siku. Joka lenyewe ni NFT, yaani hati ya kidijitali ya umiliki, limeandikwa kwenye blokucheni (daftari la mtandaoni linalotunzwa na kompyuta nyingi) kwa jina lako, hakuna wa kukunyang'anya, unaliuza ukitaka, hata gemu nyingine unahamia nalo. Kwangu aliomba ukuta wa kubandika bango, akaahidi 10,000 kwa kila mteja nitakayemletea. Nikakubali, na mimi mwenyewe nikanunua majoka mawili.

Baada ya siku chache 18,000 ikaingia kwenye simu yangu. Kila aliyekuja kucheza nilimwonyesha ile meseji. Baba wa kijana mmoja anayecheza kwangu, mzee wa Nanyamba, aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, kitu hiki kina mwenyewe?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "Hakina mwenyewe, mzee wangu, ndio uzuri wake." Akatoa 450,000 ya joka la dhahabu. Hela ya palizi hiyo.

Wiki ya tatu tukataka kutoa hela. Tukaambiwa kwanza tulipe "ada ya gesi", 65,000 kila mmoja, kwa namba ya simu. Sisi watu wa Mtwara gesi tunaijua, bomba limepita mlangoni kwetu, lakini hii ya kwao haikuwasha hata jiko. Nililipa. Kesho yake ikaja "kodi ya serikali", asilimia kumi ya salio. Aliyehoji kwenye grupu la WhatsApp alitolewa. Siku mbili baadaye grupu likafungwa, gemu ikawa haifunguki, namba haipatikani.

Niliposema nimwage haya hadharani, rafiki yangu mmoja akazitetea NFT: huyo ni tapeli tu, teknolojia yenyewe ni safi. Nimekaa na jambo hili usiku kadhaa, nimesoma, na sikubaliani naye. Tapeli alitumia maneno yaleyale wanayotumia wenye kampuni kubwa, na ndiyo maana yaliniingia.

Tulichukulie kwa korosho. Unapeleka magunia chama cha msingi, yanapimwa, yanaingia ghalani, unapewa stakabadhi. Ile karatasi ina thamani kwa sababu korosho zipo, na mnunuzi akishinda mnada atazibeba. NFT ya gemu ni stakabadhi bila magunia. Blokucheni inachotunza ni rekodi kwamba namba fulani ni ya walleti fulani, yaani pochi ya mtandaoni, basi. Joka, yaani picha yake, nguvu zake, uwanja wa kupigania, vyote vinakaa kwenye kompyuta za mwenye gemu. Akizima, unabaki na karatasi ya ghala lililobomolewa. Kwa hiyo mzee aliuliza swali sahihi na mimi nilimdanganya bila kujua. Kitu kile kilikuwa na mwenyewe.

Na hayo yameshatokea hata kwa wasio matapeli. Kulikuwa na gemu ya magari ya mbio, F1 Delta Time. Mwaka 2019 gari moja la NFT kwenye gemu hiyo liliuzwa kwa zaidi ya dola 100,000. Machi 2022 leseni ya kutumia jina la mashindano haikuongezwa, gemu ikafungwa. Waliokuwa na magari waliahidiwa fidia ya vitu vya gemu nyingine za kampuni hiyohiyo, lakini uwanja wa kuendeshea gari lile haupo tena.

Hili la kuhamisha joka kwenda gemu nyingine nalo lilinishika sana, na mimi ndiye niliyepaswa kulicheka wa kwanza, maana nashinda na gemu kutwa. Mchezaji uliyemsajili kwenye gemu ya mpira humpeleki kwenye gemu ya vita. Lazima watengenezaji wa gemu ya pili wakae wamchore upya, waandike atakavyotembea, wapime nguvu zake zisiharibu mchezo. Nani atafanya kazi hiyo bure kwa bidhaa ambayo hela yake ameshakula mwingine?

Sasa zile 6,000 za kila siku. Gemu kubwa kuliko zote za aina hii ilikuwa Axie Infinity, ya kampuni ya Vietnam. Ili uanze ulihitaji vinyama vitatu, na mwaka 2021 watu wengi Ufilipino waliifanya ajira. Wasio na mtaji walikopeshwa vinyama na matajiri, wakawa wanagawana nao mapato. Sarafu waliyokuwa wakiivuna, SLP, Julai 2021 ilikaribia senti 40 za dola. Katikati ya 2022 ilikuwa chini ya senti moja. Sababu haihitaji digrii: sarafu zilizalishwa kila siku bila kikomo, na aliyezitaka hasa ni mchezaji mpya anayezalisha vinyama vingine. Wapya walipopungua, bei ikafa. Waliokuwa watu wazima mwaka 2009 wanaikumbuka DECI, watu "wakipanda mbegu" na kuvuna za waliopanda nyuma yao. Tofauti ninayoiona ni kwamba hapa mbegu ina mabawa na inatema moto.

Halafu wizi. Machi 2022 daraja la kuhamishia fedha la hiyo Axie, linaitwa Ronin, liliibiwa zaidi ya dola milioni 600. Wathibitishaji, yaani wenye kuidhinisha malipo, walikuwa tisa, saini tano zikitosha kutoa mzigo. Wezi wakapata tano. Wenyewe waligundua siku sita baadaye, tena kwa sababu mteja mmoja alishindwa kutoa fedha zake. FBI ya Marekani ilisema ni wadukuzi wa Korea Kaskazini. Ghala lenye kufuli tisa, siku sita hakuna aliyechungulia!

Na ile ya kununua unaweza, kuuza huwezi, wala si ubunifu wa huyu kijana wetu. Mwaka 2021 kulikuwa na tokeni, yaani sarafu ya mtandaoni, iliyodandia umaarufu wa tamthilia ya Korea Kusini, ikijinadi kuwa ni ya gemu inayokuja. Ilipanda hadi zaidi ya dola 2,800, na Novemba mosi ikaporomoka hadi karibu sifuri ndani ya dakika. Wengi walikuwa wameshalalamika kwamba kitufe cha kuuza hakifanyi kazi. Oktoba ya mwaka huohuo, Steam walikuwa wamepiga marufuku gemu za blokucheni kwenye duka lao la gemu la mtandaoni. Wenye gemu ya Minecraft nao Julai 2022 wakasema NFT hawazitaki. Hao ni watu wanaoishi kwa gemu, na wamezikataa.

Nimesikia mtu wa sura na maneno hayohayo ameonekana Masasi. Huenda safari hii asiuze majoka, atauza samaki au mashamba. Nitawaambia alivyofanya kwetu ili mumtambue. Hapokei hela kwa jina lake; kila malipo ni namba tofauti yenye jina tofauti. Alituonyesha rekodi ya joka kwenye tovuti ya blokucheni, na rekodi ilikuwa ya kweli, lakini kuunda tokeni anaweza yeyote, kwa gharama ndogo tu. Ada ya gesi ya kweli inakatwa na mtandao wenyewe ndani ya walleti yako, kwa sarafu ya mtandao huo. Haitumwi kwa wakala, na haiko 65,000 kwa kila mtu kama nauli ya basi. Na kibaya kuliko vyote, alituandikisha yale maneno 12 ya siri ya walleti kwenye daftari lake, "msije mkayasahau". Anayeyajua hayo maneno ndiye mwenye walleti. Kama ulimwandikia, hamisha chochote kilichobaki leo hii kwenda walleti mpya.

Kama alipiga picha kitambulisho chako cha NIDA, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa jina lako. Mimi nimekuta moja nisiyoijua na nimeenda kuifuta. Meseji zao zitume 15040, namba ya kuripoti matapeli. Benki Kuu ilishatoa angalizo la sarafu hizi tangu 2019, kwa hiyo usitegemee kuna ofisi itakayokurudishia.

Kwa hesabu yangu nimepoteza 287,000. Zile kamisheni 30,000 nimeshawarudishia wale watatu, kila mtu 10,000 yake, na mzee wa Nanyamba nimemfuata hadi nyumbani kwake. Alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimekula.

Jumatatu asubuhi tunakwenda polisi kuandikisha. Mwenye skrinishoti za malipo, za grupu kabla halijafungwa, au picha ya lile bango (la kwangu nilichana kwa hasira, kosa jingine hilo), alete kibandani kabla ya saa tatu. Msimpe mtu mwingine simu akuchukulie hizo picha. Njoo nayo mwenyewe.