Uzoefu wangu: mazoezi ya kujiandaa na jeshi pale Gombani, Pemba

Assalam alaykum wapendwa. Haya naandika kwa ajili ya wasichana wenzangu wa Pemba wanaotaka kuingia jeshini au kwenye vikosi vya SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar) na mwili haujakaa sawa, mana wakati natafuta pa kuanzia kila nikimuuliza mtu jawabu ni moja tu, jikaze. Jikaze vipi, ule nini, ukimbie kiasi gani, hakuna anaekwambia.

Kikundi nilichojiunga kinakutana nje ya uwanja wa Gombani, Chake Chake. Mwalimu ni askari mstaafu, jina lake sitaliweka hapa kwa sababu sikumuomba ruhusa. Ada ni 20,000 kwa mwezi na kujiandikisha 5,000 unalipa mara moja tu. Nimekaa nao tokea baada ya Idi mpaka kwenye Maulid na bado nnaendelea. Nimeridhika sana, nawapa 8 kwa 10, na hizo 2 zilizopungua ntaeleza zimekwenda wapi.

Nlianza na kilo 79, na urefu wangu ni mita 1.60. Mwalimu alinipigia hesabu ya uzito kwa urefu (BMI) mbele yangu, unachukua urefu unauzidisha kwa wenyewe halafu kilo zako unazigawa kwa hiyo, ikatoka karibu 31 wakati kawaida ni baina ya 18.5 na 24.9. Kisha yule dada msaidizi wake akanipima kiuno kwa utepe wa fundi cherehani, sentimita 94, akanambia mwanamke akishapita 88 hatari ya kisukari na presha inakuwa kubwa. Nlishukuru kwamba walinambia kwa adabu, pembeni, sio mbele za watu.

Na hapo hapo nikajua nipo pahala pa watu wenye akili, kwa sababu siku ile sikukimbizwa. Mwalimu alinambia, "Mwanangu, nenda kapime kwanza presha, sukari na wingi wa damu, uniletee karatasi, bila karatasi mimi sikukimbizi." Nkenda. Presha sawa, sukari sawa, damu 10. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe 12 kwenda juu. Yaani miaka yote ile nikipanda kilima moyo unanienda mbio na watu wananiambia ni unene, kumbe na damu nayo haipo.

Dada zangu hapa nataka tukae kidogo. Sisi kila mwezi tunapoteza damu, na wengine hedhi zao ni nzito, halafu ukishaamua kupungua kitu cha kwanza unaacha kula, unashinda na chai kavu. Utapungua kweli, lakini damu nayo inashuka na mtu asiye na damu hana pumzi, kwenye kukimbia ataachwa na kwa daktari atarudishwa akatibiwe kwanza. Mie nilipewa vidonge vya madini ya chuma nkaambiwa nile dagaa, maini nikipata, kunde, choroko na mboga za majani, nikamulie ndimu, mana ndimu inasaidia mwili kuyachukua yale madini. Na chai nisinywe pamoja na chakula, ningoje kama saa nzima, kwa sababu chai inayazuia. Kwetu sisi chakula bila chai pembeni ni kazi kubwa kuzoea lakini nimezoea. Nlivopima tena baadae nikakuta 12.4 alhamdulillah, na tofauti nliihisi kwenye miguu kabla hata sijaiona kwenye karatasi.

Sasa chakula. Hapa ndipo walipokosa alama yao ya kwanza. Ukishalipa unatumiwa kwenye WhatsApp mpango wa chakula, nikaufungua naona oti, brokoli, kifua cha kuku, mafuta ya zaituni, parachichi kila asubuhi. Nkamuonesha mama, akausoma wote kwa utulivu akanambia, "Mwanangu, brokoli hapa Chake nakununulia kwa nani? Na kuku kila siku babako atuuzie shamba?" Na kweli, mtu ametoa 20,000 kwa shida anapewa karatasi ya chakula cha watu wengine. Niliposema kwenye kikundi, wanawake wengi wakasema na wao wamekwama hapo hapo. Mwalimu hakukasirika, alituambia tukae na yule dada msaidizi tuandike wetu na ndio tuliofanya, na mimi naona huu wetu ndio ungekuwa wa mwanzo.

Tulichofanya hatukutafuta chakula kipya, tumeangalia tunachokula na kinachotuongezea. Ikaonekana ni vitu viwili, sukari na mafuta. Mie nlikuwa nakunywa chai vikombe vitatu kwa siku, kila kikombe vijiko vinne, kijiko kimoja ni kama gramu 4 kwa hivo ni gramu 48 za sukari kabla sijala hata andazi, na Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi kama gramu 50 kwa siku nzima na ikiwa 25 ndio bora. Mafuta ndio balaa zaidi, kijiko kimoja cha kulia cha mafuta ni kama kalori 120, sasa fikiria zile bajia, sambusa, chapati za kusukuma, na samaki akaangwe halafu atiwe kwenye mchuzi wa nazi.

Kwa hivo samaki nikawa nakula wa kuchoma au wa kuchemsha na ndimu na pilipili, mchuzi wa tui nimeubakisha siku ya Ijumaa tu, wali nikapunguza nusu ile nafasi nikajaza mchicha au kisamvu, asubuhi muhogo wa kuchemsha au shelisheli badala ya maandazi, na chai kijiko kimoja. Sikushinda na njaa hata siku moja. Chakula chenyewe kiko sokoni Chake na kingine kipo nyuma ya nyumba.

Na mwalimu ana hesabu moja ambayo ilinifungua macho kuliko kitu chengine chochote. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Mtu wa kilo 79 akikimbia kilomita moja anaunguza kama kalori 79. Gawa mwenyewe, unapata karibu kilomita 100 kwa kilo moja tu. Yaani ukitegemea kukimbia peke yake huku unakula vile vile utazunguka Pemba nzima na mizani haisogei. Kwake yeye kilo zinapungua sahanini, na kukimbia unakimbia kwa ajili ya pumzi, moyo na miguu, mana huko unakokwenda utakimbizwa. Watu wengi sana wanakata tamaa hapa, mtu anakimbia wiki mbili hajaona kitu anasema mwili wake ndio ulivyo.

Mazoezi yenyewe nayo aliyapanga vizuri. Hatukuanza na mchakamchaka. Tulianza kutembea kwa kasi, kisha kukimbia dakika moja kutembea mbili, tukawa tunaongeza taratibu, na mwendo wake wa kukimbia ni kwamba uweze kusoma sura fupi bila kukatika pumzi, ukishindwa umezidisha, punguza. Katikati ya wiki pushapu, skwati, planki na kuruka kamba. Wasichana wengi pushapu hatuwezi mwanzoni, tulianzia kwenye ukuta, kisha kwenye benchi, kisha magoti chini, ndio ukafika chini kamili. Mie sasa hivi napiga kamili bila magoti na nafurahi kila ninapoinuka.

Halafu vilima. Pemba Mungu ametupa vilima na mwalimu anavitumia. Kushuka njia ya Wesha ni raha, unaiona bahari kule, kurudi juu Chake ndio kazi yenyewe. Siku nyengine tunapita Wawi, pale panaponuka makonyo (vikonyo vya karafuu) kiwandani, na msimu wa karafuu ukishafunguka njia nzima imeanikwa mikeka, unakimbia huku unanusa karafuu mpaka kifua kinafunguka. Angalizo kwenye kushuka lakini, muundi uliniuma vibaya mwanzoni, yule dada akaniangalia raba zangu akanambia soli imekufa. Nilinunua nyengine za mtumba kwa 18,000, nzima, soli nene na maumivu yakaondoka, kwa hivo kama una pesa kidogo anza na raba kabla hujanunua nguo za mazoezi. Nguo mie navaa suruali, kanzu fupi na mtandio wa kuvuta na sijawahi kuambiwa nivue kitu, zamu ya wanawake ni alfajiri baada ya sala na yule dada ndie anaetusimamia, hilo nalo lilimridhisha mzee wangu.

Kila mwisho wa mwezi kuna kipimo cha dakika 12. Unakimbia dakika 12 halafu unapimwa umefika wapi. Mwalimu anasema kipimo hichi alikitoa daktari wa jeshi la anga la Marekani, Kenneth Cooper, mwaka 1968, na mpaka leo watu wanakitumia. Kwa wanawake wa umri wa miaka 20 mpaka 29, mita 1,800 ni wastani na ukifika 2,200 wewe uko vizuri, wanaume wao kuwa vizuri ni 2,400. Mie mara ya kwanza sikufika 1,500. Juzi nimefika 2,250. Kilo sasa 66, kiuno 82. Bado kilo mbili hivi niingie chini ya 25 kwenye ile hesabu yake, na sina haraka, nusu kilo kwa wiki inatosha.

Alama ya pili niliyowakata ni hii, na imeniuma. Kuna mtu mule mule kwenye kikundi anawauzia wasichana chai ya kupunguza tumbo, 35,000 kwa paketi, anawafuata chemba anawaambia usaili uko karibu hutowahi kwa mazoezi. Shoga yangu mmoja alinunua akaja nayo nyumbani, bibi yangu akainusa tu akasema hii sanamaki. Tukasoma nyuma ya paketi kwa maandishi madogo, ni sanamaki kweli. Sanamaki ni dawa ya kuharisha, wazee wetu wanaijua miaka na miaka na wanaitumia kwa mwenye choo kigumu, siku moja mbili basi. Ukiharisha mizani itashuka kilo mbili usiku mmoja lakini ni maji, mafuta yapo pale pale, ukinywa maji zinarudi. Mbaya zaidi unatoka na chumvichumvi za mwili, potasiamu inashuka, na potasiamu ndio inayofanya misuli na moyo vifanye kazi, sasa mtu huyo ndie unaemkimbiza kilima cha Wesha. Shoga yangu aliishiwa nguvu akakaa chini barabarani miguu imemkaza, tukamnywesha maji na chumvi ya ORS tukampeleka hospitali. Mwalimu alipoambiwa alikemea, lakini muuzaji bado yumo kwenye kikundi na mie sikupendezwa na hilo hata kidogo. Angemtoa.

Vyengine ni vidogo. Masika barabara zilipojaa maji tulikosa vipindi vingi na pesa haikupunguzwa. Msimu wa karafuu nusu ya watu wako shamba, na saa zikibadilishwa hamuambiwi mapema.

Lakini jambo moja nataka nimsifu mwalimu kwa dhati. Hajawahi hata siku moja kusema ana mtu ndani. Kila anaeingia anamwambia, mimi nakupa mwili, nafasi ya kazi sina. Kuna watu huku mitaani wanachukua laki mpaka milioni za wazazi, mzee anauza karafuu zake zote kwa kuambiwa jina la mwanawe lishawekwa. Nafasi za jeshi haziuzwi. JWTZ (jeshi la Tanzania), JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo), Zimamoto, Valantia, Chuo cha Mafunzo (magereza ya Zanzibar), kila mmoja akitaka vijana anatoa tangazo lake na vigezo vyake vimeandikwa mule, umri, urefu, elimu, kwa hivo soma lile tangazo wewe mwenyewe na vyeti vyako, kitambulisho na barua ya sheha uviweke tayari, usingoje mpaka wiki ya mwisho.

Mie nangoja tangazo, inshaallah. Kwa anaetaka kwenda pale Gombani, lipa mwezi mmoja kwanza usilipe mitatu, nenda na karatasi ya vipimo mkononi, muombe yule dada msaidizi mpango wa chakula tulioandika sisi usipokee ule wa kwanza, na akikufuata mtu chemba na paketi ya chai mkatae na umwambie mwalimu siku hiyo hiyo.